Kundi la WhatsApp la darasa halifundishi mpaka mwanafunzi aandike: niliyoyaona kwenye blogu na kwenye makundi

Chaki Nyeupe (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Dodoma. Nyuzi zinazouliza kama mitandao ya kijamii inawajenga au inawaharibu wanafunzi zimekuwa nyingi, na karibu zote huishia kwenye kubeti, picha za ovyo na watoto kukesha. Hayo yapo, na mimi huyaona kila Jumatatu asubuhi katika macho mekundu ya vijana wangu. Hata hivyo yametusahaulisha swali ambalo mwalimu angepaswa kuanza nalo: mwanafunzi anapoiweka simu chini akiwa amejifunza kitu, ni nini hasa kilichomfundisha? Nina jibu langu, nililolipata kwa kukosea, na nimelileta hapa mlipasue.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilifanya walichofanya walimu wengi: nilikusanya namba za simu. Mkondo wangu wa kidato cha tatu ulikuwa na wanafunzi 52. Nilipata namba 31, nyingi zikiwa za wazazi, kaka na shangazi, na zilizokuwa na WhatsApp ni 19. Nikafungua kundi, nikaanza kutuma vitini, picha za kurasa za kitabu, na pasti pepa nilizozipakua kwenye tovuti ya Maktaba ya TETEA. Kila faili lilipoingia, vidole gumba vilipandishwa ndani ya dakika chache, nami nikaamini kwamba kazi inakwenda.

Tulirudi darasani tarehe 29 Juni, na wiki ile ile nikawapa jaribio la maswali kumi, yote kutoka kwenye vitini vile vile. Alama za waliokuwa kundini na za wale ambao hawakuwa na simu kabisa hazikutofautiana kwa kiasi cha kunifanya nijivunie bando langu. Kijana mmoja wa kundini, nilipomuuliza kama alikisoma kitini cha upumuaji, alinijibu kwa unyoofu kabisa: "Mwalimu, ninacho." Kweli alikuwa nacho.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba miaka sita kabla ya hapo nilikuwa nimeona mtandao ukifundisha, tena kwa vifaa duni kuliko hivyo. Mwaka 2014, nikiwa shule nyingine, nilifungua blogu ya darasa kwenye Blogspot kwa kuwa haikuwa na gharama. Blogu zilikuwa zimepamba moto nchini. Tangu mpigapicha Issa Michuzi alipoanza yake mwaka 2005, kila mwenye kamera na muda alitaka kuwa nayo, ingawa nyingi zilikuwa za habari, harusi na misiba. Yangu ilikuwa ya Kidato cha Pili B. Utaratibu wake ulikuwa wa kizamani: wanafunzi waliandika kwenye karatasi, mimi nilichapa maandishi mawili kila Ijumaa kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, na maoni ya wasomaji niliyatoa kwenye printa nikayabandika kwenye ubao wa matangazo. Hapakuwa na mwanafunzi mwenye simu shuleni, kwani ilikuwa marufuku kama ilivyo sasa.

Binti mmoja aliandika kwa nini majani ya maboga hunyauka mchana. Ilikuwa aya moja: jua kali hukausha maji yaliyomo ndani ya jani. Ingekuwa kwenye daftari, ningempa tiki tukaendelea. Siku mbili baadaye msomaji mmoja, mkulima kwa namna alivyoandika, akauliza chini yake: kama jua limeyakausha, mbona jioni yanasimama tena kabla sijamwagilia? Kilichokauka hakirudi.

Swali lile likabandikwa na darasa zima likalisoma. Binti yule alikuja ofisini mara tatu wiki ile. Mara ya kwanza alitaka nimpe jibu, nami sikumpa (nisisifiwe kwa hilo, nilikuwa nimezama katika kusahihisha mitihani). Mara ya pili alikuwa na kitabu alichoazima kwa dada zake wa kidato cha nne. Mara ya tatu alikuja na maelezo kwamba mchana maji hutoka kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, seli zikalegea kama mpira uliopungua upepo, na jioni joto linaposhuka jani hupoteza maji kidogo, mizizi ikalipa deni, seli zikajaa tena. Neno "deni" lilikuwa lake, si langu. Mkulima akamjibu: "Hapo nimekuelewa." Sijawahi kuandika kwenye daftari la mwanafunzi maoni yenye uzito kuliko maneno hayo mawili.

Sasa linganisheni. Kundi la 2020 lilikuwa na picha, sauti, video na majibu ya papo kwa papo, lakini mwandishi alikuwa mmoja tu, nami ndiye niliyekuwa huyo. Blogu ya 2014 ilikuwa karatasi iliyovalishwa nguo za intaneti, ila mwanafunzi alimwandikia mtu asiyemjua, mtu ambaye hakuwa na mwongozo wa kusahihishia, na ambaye angeweza kukataa kuelewa. Hoja yangu ni kwamba teknolojia hizi hufundisha pale zinapompa mwanafunzi msomaji wa kweli. Zinapompa faili, zinampa mzigo wa kubeba tu.

Blogu ile niliifunga katikati ya mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kumtaka mwenye blogu awe na leseni ambayo ada zake, ukijumlisha ya maombi, ya leseni yenyewe na ya mwaka, zilizidi shilingi milioni 2. Sikuwa nazo kwa ajili ya Kidato cha Pili B.

Walimu, wazazi na wanafunzi mlioko hapa, nyinyi mmeona nini?

Kibatari

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu, na ninayo makundi saba ya WhatsApp ya masomo, ambayo yote ni maghala ya madesa. Maneno "Mwalimu, ninacho" yamenichoma kwa sababu nami ninavyo.

Niongeze jambo moja tulilosoma kwenye saikolojia ya elimu, maana linaunga mkono hoja yako kutoka upande mwingine. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, na katika vipindi vitatu vilivyobaki likafunika karatasi na kuandika kila lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: wale wa kurudia kusoma walikumbuka takriban asilimia 40, na wale wa kufunika na kuandika asilimia 61. Ukiniuliza mimi, kidole gumba kwenye kundi ni hisia ya dakika tano, ilhali mtihani wa taifa huja baada ya wiki nyingi sana.

Jingine ni kwamba wazo la darasa linaloendeshwa kwa blogu lilijaribiwa kwa ukubwa wake nchini Kanada mwaka 2008. George Siemens na Stephen Downes waliendesha kozi kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba, wanafunzi kama 25 wakiwa wamelipa ada, na watu wengine zaidi ya 2,000 wakajiunga bure kupitia intaneti. Hapakuwa na ukumbi mmoja wa kukutania. Kila mtu aliweza kuandika kwenye blogu yake, na waendeshaji wakakusanya viungo vya maandishi hayo na kuwatumia wote kila siku. Kozi kubwa huria za mtandaoni zilipata jina lake hapo. Lakini nadhani jambo hili linakupinga kidogo: sehemu kubwa ya waliojiunga walibaki wasomaji tu, hawakuandika. Kama watu wazima waliojiunga kwa hiari yao hawaandiki, utamfanyaje kijana wa kidato cha pili aandike?

Msomaji wa Usiku

Heshima kwako mwanzisha uzi, ila mimi nitapinga waziwazi.

Kwanza, umetuletea binti mmoja. Kidato cha Pili B kilikuwa na wangapi? Kama ulichapa maandishi mawili kwa wiki, basi kwa muhula mzima hata nusu ya darasa huenda haikufikiwa, na waliofikiwa ndio wale wale ambao wangefaulu hata kwa kibatari. Pili, naona umeruka kimya kimya jambo kubwa: binti aliandika kwa lugha gani? Kama aliandika kwa Kiswahili, mkulima akaelewa kwa Kiswahili, basi mmefurahishana vizuri, lakini karatasi ya Baiolojia ya kidato cha nne huja kwa Kiingereza na hujibiwa kwa Kiingereza. Huwezi kumwandikia msahihishaji "mizizi ikalipa deni".

Tatu, mwalimu wa kata ana vipindi vingi, ana zamu, na ana mitihani ya kila mwezi ya kusahihisha. Ukimwongezea kazi ya kuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi utamuua. Kitini kinachosambazwa kwa kubofya mara moja kina walakini wake, lakini kinawafikia wote walio na simu, na aliye na nia atakisoma.

Chaki Nyeupe

Msomaji wa Usiku, umepiga panapouma, na nitaanza na lugha kwa sababu ndiyo nzito kuliko yote.

Ndiyo, aliandika kwa Kiswahili. Mtoto wetu husoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba katika shule ya msingi ya serikali, kisha Januari moja anaamka anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na machache mengine. Ukifungua taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza la Mitihani huziweka kwenye tovuti yake, utakuta mwaka baada ya mwaka udhaifu wa Kiingereza ukitajwa miongoni mwa sababu za kukosa swali. Nimezisoma nyingi. Humo kuna majibu halisi ya watahiniwa yaliyopigwa picha, na baadhi yake yanaonyesha mtoto aliyekariri sentensi ya Kiingereza kutoka kwenye kitini na kuibandika mahali isipohusika, kwa sababu haijui maana yake. Huyo si mtoto aliyeshindwa Kiingereza peke yake. Hakuwahi kupata mahali pa kulifikiri jambo lenyewe.

Ndiyo maana nasema mtandao umetupa nafasi ambayo darasa halitupi. Kundini au kwenye blogu hakuna mkaguzi wa lugha. Binti yule alielewa kwanza kwa Kiswahili, kwa mpira uliopungua upepo na kwa deni, kisha siku ya mtihani wa muhula akaandika kwa Kiingereza kibovu lakini chenye mantiki, na nikampa alama zake zote. Usiniambie kwamba njia ile ni ndefu. Njia ya mkato tunaijua inakotufikisha.

Kuhusu wingi na uchovu wa mwalimu, hapo nimebadilika, na ndipo ninapomjibu pia Kibatari. Tangu 2021 sina blogu wala kundi la darasa zima. WhatsApp waliongeza ukubwa wa kundi kutoka watu 256 hadi 512, na kabla mwaka 2022 haujaisha wakafika 1,024. Mimi nimekwenda kinyume chao: makundi yangu yana wanafunzi sita, na hutumia simu za nyumbani wakati wa likizo na mwisho wa wiki tu. Kila wiki mmoja wao, kwa zamu, anaeleza kitu alichokiona kwa macho yake nyumbani, kwa aya moja, kwa lugha anayoitaka. Wengine watano ni lazima kila mmoja aulize swali linaloanza na "mbona". Mimi sijibu chochote mpaka Jumapili jioni. Kwa watu sita hakuna pa kujificha, Kibatari, na zamu ikifika imefika. Wale ambao nyumbani hakuna simu wanafanya vivyo hivyo kwa daftari moja linalozunguka kutoka mkono hadi mkono, na niwaambie ukweli, daftari hilo wakati mwingine linashinda makundi.

Kazi yangu imepungua, haijaongezeka, kwa kuwa sasa nasoma aya tisa kwa wiki mahali pa kutengeneza vitini usiku kucha. Matokeo ni mchanganyiko. Makundi mawili kati ya tisa yalikufa muhula uliopita, moja kwa ugomvi wa kitoto na jingine kwa sababu simu mbili ziliharibika. Sitawaambia kwamba ufaulu umepaa. Ninachoweza kusema ni kwamba darasani sasa naulizwa "mbona", na zamani nilikuwa naulizwa "hii itatoka kwenye mtihani?"

Mwalimu wa Pwani

Hamjambo wenzangu. Naandika kutoka Kilifi, Kenya, ninakofundisha Kiswahili. Kwetu shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021, isipokuwa wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walioitwa Oktoba. Kwa hiyo makundi ya WhatsApp tuliyaishi kwa muda mrefu kuwashinda.

Nataka niongeze upande wa giza ambao mwalimu wa Dodoma ameugusa juu juu tu. Kundi likishazoea kupokea faili, hatimaye hupokea faili lolote. Mwaka 2015 mitihani yetu ya kitaifa ilivuja, na simu zikawa ndizo njia kuu za kuisambaza. Matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, yakafutwa, na mwaka uliofuata bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa. Siku hizi biashara imehamia Telegram, ambako matapeli huwauzia watoto karatasi ambazo hata si za kweli. Ukitazama kwa makini, mwanafunzi anayenunua karatasi hiyo hajaanzia kwenye wizi. Alianzia kwenye mazoea kwamba elimu ni kitu kinachotumwa.

Hata hivyo nisingependa tuzungumze kana kwamba kujifunza kwa kujibizana hadharani kumeletwa na intaneti. Waswahili tulikuwa nalo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923 na idara ya elimu, lilipokea mashairi ya wasomaji, na mshairi akitupa fumbo, mwingine wa mji wa mbali alimjibu katika toleo la baadaye kwa vina na mizani ile ile. Malumbano yale yalimlazimu mtu ajue lugha, historia na dini, maana akikosea alikosolewa kwa jina lake mbele ya nchi nzima. Blogu ya Kidato cha Pili B naiona mjukuu wa kurasa zile, japo imepoteza mizani.

Nimejaribu jambo moja ambalo huenda likawafaa. Badala ya aya, wanafunzi wangu hutuma ujumbe wa sauti wa dakika moja. Wapo wanaoogopa kalamu lakini ukiwapa kinywa wanatiririka, hasa wavulana wa huku kwetu waliokulia kwenye baraza. Baadaye huwataka waisikilize sauti yao wenyewe na kuiandika. Hapo ndipo hugundua kwamba sentensi yao haikuwa na kichwa wala miguu.

Mama Wawili

Walimu wetu, hongereni kwa kazi. Mimi si mwalimu, ninauza vyakula Morogoro, na nina watoto wawili sekondari. Nisemee upande wa nyumbani, ambao naona haujasemwa.

Simu inayozungumziwa hapa ni yangu. Ndiyo ninayopokelea oda na pesa za wateja. Mwalimu anaposema "simu za nyumbani mwisho wa wiki", kwangu Jumamosi ndiyo siku ya biashara, na kijana anakaa na simu saa moja anasubiri kitini cha kurasa arobaini kifunguke huku bando linakwisha. Kwa hiyo mpango wa aya moja na ujumbe wa dakika moja nimeupenda hata kwa sababu ya gharama tu. Jambo jingine ni usalama wa binti. Yeye na wavulana watano kwenye kundi moja, usiku, kwenye simu ya mama ambaye amelala. Mwalimu, hilo ulifikirie. Mimi ningependa kundi la mwanangu niwemo, hata kama sielewi Baiolojia.

Swali langu ni hili. Mkubwa wangu sasa hivi kazi zote anaifanyisha akili mnemba. Anaandika swali, anapewa jibu lililonyooka kuliko barua ya benki, ananakili, anatuma. Hiyo aya yenu itaandikwa na nani?

Chaki Nyeupe

Mama Wawili, la usalama nimelipokea bila ubishi. Kuanzia likizo ijayo kila kundi litakuwa na mzazi mmoja ndani yake, na mwisho wa kuandika utakuwa saa mbili usiku.

Kuhusu akili mnemba, yamenikuta. Mwaka jana kijana mmoja alituma aya juu ya kumbikumbi, Kiswahili safi, hatua zote za uzazi wa mchwa zimepangwa, hadi nikashtuka. Sikumgombeza. Swali la kwanza la "mbona" lilitoka kwa jirani yake wa nyumba ya tatu: mbona kile kichuguu cha nyuma ya choo chenu hakikutoa kumbikumbi mwaka huu, na cha kwetu kimetoa? Akakaa kimya siku mbili. Mashine ilikuwa haijawahi kuona kile choo. Mwishowe alikwenda akakichimba kidogo, akakuta hakina mchwa, akarudi kundini na maelezo ya sentensi tatu zilizojaa makosa ya tahajia, ambazo nilizipenda kuliko aya yake ya kwanza. Kwa hiyo mashine ikisaidia kutafuta, naikubali. Ninachodai ni kwamba kitu kinachoelezwa kiwe kimeonekana kwa macho ya anayeeleza, na waulizaji wawe watu wanaokijua.

Kwa kuwa unauza vyakula, mjaribu kijana wako wikiendi hii. Mwambie akueleze kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa nini unga wa maandazi huumuka, amtumie mteja wako yeyote mwenye maneno mengi.

Mama Wawili

Mwalimu, narudi na mrejesho. Alieleza vizuri tu, kwamba hamira ni viumbe hai wanaokula sukari na kutoa gesi, nasi tukamtumia mama mmoja wa mtaani ambaye naye huuza maandazi. Mama yule hakusifia. Aliuliza: kama ni viumbe hai na sukari ninawawekea ile ile, mbona asubuhi za baridi unga wangu unachelewa mpaka wateja wanaondoka?

Kijana alitaka kushika simu nikamnyima, maana nilikuwa napokea oda. Sasa hivi ninavyoandika, jikoni kwangu kuna mabakuli mawili ya unga, moja kando ya jiko la mkaa na jingine kwenye ndoo ya maji ya mtungini, na ameazima saa ya ukutani ya jirani. Unga ni wangu, na sukari ni yangu.

Kibatari

Mama, tunaomba utuletee matokeo ya bakuli la pili.